Meno yako hayajui unapaswa kula nini

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kijiweni, meza imejaa nyama ya mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili. Dada mmoja katika kundi letu ameacha kula nyama. Yeye alikuwa ameagiza chapati na maharage, anakula taratibu, hamsumbui mtu. Haikupita muda wakamwanza.

"Wewe dada, Mungu kakupa chonge za nini? Za kutafunia mchicha?"

Jamaa aliyesema hayo akavuta mdomo wake wa juu kwa kidole, akatuonyesha chonge zake hadharani. Tukacheka sana.

Dada naye si mtu wa kushindwa kirahisi. Akajibu kwamba simba ana utumbo mfupi ili nyama ipite upesi kabla haijaoza, lakini binadamu ana utumbo mrefu kama wa ng'ombe, kwa hiyo nyama tunayokula inaozea tumboni. Meza ikanyamaza. Nadhani ni kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupima utumbo wake.

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi mno. Nimeusikia kwenye daladala, kwenye mahubiri, kwa wauza dawa za mitishamba, na kwa watu wenye shahada zao. Mmoja anataja meno, mwingine anataja utumbo. Kinachonishangaza ni kwamba wote wawili wanakubaliana jambo moja bila kujua. Wote wanaamini mwili ni kama barua ya maagizo, ukiufungua na kuusoma utajua unapaswa kula nini. Mimi nasema hapo ndipo wanapokosea wote wawili. Na kosa hili si la kuchekesha tu, kama nitakavyoeleza mbele.

Tuanze na jamaa wa chonge.

Kama chonge ni kibali cha kula nyama, basi kiboko angekuwa anakula nyama kuliko simba. Chonge zake zinaweza kufika nusu mita. Lakini usiku kiboko anatoka majini kwenda kula nini? Majani. Zile chonge ni za kupigana na viboko wenzake. Ukienda Jozani, Unguja, utamkuta kima punju. Naye ana chonge, lakini chakula chake kikubwa ni majani ya miti, na tumbo lake lina vyumba vyumba vya kuyachachusha. Sokwe wa Gombe nao wana chonge kubwa. Wanakula hasa matunda, ingawa mwaka 1960 Jane Goodall aliwaona wakila nyama pia. Chonge peke yake haikuambii kitu.

Halafu hebu zitazame za kwako kwenye kioo. Zimepita meno mengine kwa urefu kidogo tu, kama zimepita kabisa. Jaribu kuchuna ngozi ya mbuzi kwa chonge hizo, uje unisimulie.

Tena kuna watu walijaribu jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Katherine Zink na Daniel Lieberman, walichapisha utafiti ambao watu walipewa nyama mbichi watafune. Nyama ya nani? Ya mbuzi! Wakatafuna na kutafuna, na nyama ikabaki bonge lile lile kama jojo. Magego yetu ni mafupi na yana vichuguu butu. Yanasaga vizuri, lakini hayana makali ya kukata nyama kama magego ya simba. Ilipokatwa vipande vyembamba kwanza, ikatafunika. Kwa hiyo, ndugu yangu, usimshukuru chonge kwa nyama choma yako. Mshukuru aliyenoa kisu na aliyewasha mkaa.

Sasa tuje kwa dada wa utumbo.

Ni kweli simba ana utumbo mfupi ukilinganisha na mwili wake. Lakini si kweli kwamba wetu ni kama wa ng'ombe. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na utumbo mpana mita 1.5. Utumbo mwembamba wa ng'ombe unafika mita 40. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa kimejaa bakteria wanaovunja nyuzi za majani. Anameza, anacheua, anatafuna tena, siku nzima. Kwenye taya la juu hana hata meno ya mbele. Wewe una tumbo la chumba kimoja lenye asidi kali, na ukimpa majani makavu ya mahindi yatatoka karibu kama yalivyoingia.

Na hili la nyama kuozea tumboni halina ukweli. Nyama ikifika tumboni inakutana na asidi na kimeng'enya kinachoitwa pepsini. Ikishuka kwenye utumbo mwembamba inapokewa na vimeng'enya vya kongosho, na mafuta yake yanashughulikiwa kwa msaada wa nyongo kutoka kwenye ini. Sehemu kubwa sana ya protini inafyonzwa hapo hapo. Chakula kinachofika salama kwenye utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria ni hasa nyuzi na sukari za mimea ambazo hatuna vimeng'enya vya kuzivunja. Kama unabisha, kumbuka ile hali inayokupata saa chache baada ya sahani ya maharage ukiwa ndani ya basi la mkoani. Nyuzi hizo si mbaya, kinyume chake zinausaidia utumbo. Ninachosema ni kwamba kama tunatafuta chakula kinachochachukia tumboni, tumemshika mtuhumiwa asiye sahihi.

Basi sisi ni nani? Si simba, si ng'ombe, na hata si sokwe. Ukilinganisha na sokwe, utumbo wetu mpana ni mdogo, na sehemu kubwa ya matumbo yetu ni utumbo mwembamba. Meno yetu ni madogo, taya letu ni fupi kiasi kwamba magego ya mwisho mara nyingi yanakosa nafasi na kutuumiza. Huo ni mwili wa kiumbe anayekula chakula laini kilichoshiba virutubisho. Chakula hicho laini kinatoka wapi porini? Hakipo kwa wingi. Tunakitengeneza wenyewe, kwa kukata, kutwanga, kuloweka, kuchachusha na kupika.

Richard Wrangham, ambaye alianza kuchunguza sokwe pale Gombe, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2009. Anasema sokwe wanaweza kutumia karibu saa 6 kwa siku wakitafuna tu. Fikiria ungekuwa wewe. Ungefika kazini saa mbili asubuhi na hadi saa nane mchana ungekuwa bado unatafuna! Wapo wanaobishana naye kuhusu moto ulianza kutumika lini, na ubishi huo haujaisha. Lakini kwamba kinu na chungu vimeyapunguzia meno yetu kazi, hilo halina ubishi. Bibi yako anapotwanga kisamvu, anafanya kazi ambayo magego yako yasingeiweza.

Kuna ushahidi mwingine ambao sisi Watanzania tumeukalia na hatuutumii. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa na meno vikichomoza ardhini Olduvai. Mumewe Louis siku hiyo alikuwa amelala kambini, anaumwa. Likatoka fuvu ambalo tulifundishwa shuleni kuliita Zinjanthropus, la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.7 iliyopita. Magego yake yalikuwa makubwa karibu mara nne ya yetu, taya pana, na juu ya fuvu kulikuwa na ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli mikubwa ya kutafunia. Wataalamu walipoyaona meno yale hawakuwa na shaka. Wakampa jina la utani la Mpasua Kokwa. Nani asingekubali? Meno makubwa hivyo ni ya nini kama si ya kupasulia vitu vigumu?

Jina hilo likadumu miaka karibu 50. Mwaka 2008 watafiti wakaangalia kwa darubini mikwaruzo iliyo juu ya meno ya viumbe wa jamii ile. Hawakukuta alama za kupasua kokwa. Mwaka 2011 timu nyingine ikapima kemia ya meno ya wenzake waliopatikana Kenya, ikakuta kwamba zaidi ya robo tatu ya chakula chao kilitokana na jamii ya nyasi na ndago. Yaani yule Mpasua Kokwa wetu alikuwa karibu na mbuzi kuliko alivyokuwa karibu na mashine ya kubangua korosho.

Rudia kusoma hapo. Wataalamu waliobobea waliyatazama meno, wakasema huyu anakula kokwa, na wakakosea. Sasa sisi wa kijiweni tunaotazama chonge za mwenzetu kwenye mwanga wa taa ya baa, tunapata wapi uhakika?

Tena pale pale alipopatikana Zinj kulikuwa na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe. Mwaka 1964 wakina Leakey wakatangaza kiumbe mwingine wa bonde lile lile, Homo habilis, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Watafiti wengi wanadhani huyu ndiye aliyekuwa akichinja. Mwenye meno ya kutisha alikula nyasi, na uzao wake ukaisha duniani. Mwenye vimeno vidogo alishika jiwe lenye makali.

Mpaka hapa unaweza kusema, sawa, meno yananyamaza, lakini damu je? Je, mababu zetu hawakutuachia maagizo? Wametuachia kitu, ila si maagizo ya binadamu wote. Mate yako yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, kinachovunja wanga. Chukua kipande cha ugali bila mboga, utafune muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu unaanza. Huo ni usagaji wa chakula unaotokea mdomoni kabla hata tumbo halijaambiwa kuna mgeni. Mwaka 2007 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba watu hawalingani kwa idadi ya nakala za jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho. Miongoni mwa waliopimwa walikuwa majirani wawili wa huku kwetu, upande wa Ziwa Eyasi. Wahadzabe, ambao wamekula mizizi kwa vizazi vingi, wana nakala nyingi zaidi kwa wastani. Wadatoga, ambao wamekula zaidi maziwa na nyama, wana chache zaidi. Wanaishi nchi moja, karibu kuonana, na mate yao yanatofautiana.

Mwaka huo huo wa 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilieleza kwa nini wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan wanaweza kunywa maziwa mabichi ukubwani bila kuharisha. Wana mabadiliko ya kinasaba tofauti na yale ya Wazungu, na yametokea ndani ya miaka elfu chache tu. Watu walianza kufuga kwanza. Matumbo yakafuata nyuma.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Katika historia ya binadamu, mara nyingi tulibadili chakula kwanza, mwili ukaja kujirekebisha baadaye. Sasa unawezaje kumwambia mtu kwamba mwili wake umeamua?

Kwa nini nasema kosa hili si la kuchekesha? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni heshima. Yule dada ana sababu zake za kuacha nyama, na ni sababu za watu wazima. Anasema aliwahi kuona jinsi mifugo inavyosafirishwa ikiwa imebanana kwenye lori, tangu siku hiyo nyama haipandi. Hiyo ni hoja ya utu, nayo haihitaji kusingizia utumbo. Hata ya afya anayo, akiitaka. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ikawekwa kwenye kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Hoja hiyo ina nguvu kuliko habari za simba. Na kuna jambo anapaswa kulijua pia, ambalo hoja ya utumbo inalificha. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ukishajiaminisha kwamba wewe ni ng'ombe, hutaitafuta, na upungufu wake unaharibu damu na mishipa ya fahamu polepole. Ng'ombe anatengenezewa na bakteria wa tumboni mwake. Wewe humo.

Jamaa yangu wa chonge naye, akishajiaminisha kwamba yeye ni simba, hataona haja ya mchicha wala dengu. Atajisifu kwa kilo ya nyama kila wikiendi, kisha atalalamika choo kigumu Jumatatu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Hiyo ni mikoa ya njaa? Hapana, ni mikoa inayotulisha. Mahindi na viazi vinatoka huko. Udumavu una sababu nyingi, magonjwa ya mara kwa mara yamo, na uchovu wa akina mama wanaoshinda mashambani umo. Lakini mojawapo ni chakula cha aina moja. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo na meno machache ya mbele, magego ndiyo kwanza yanachungulia. Ukimjaza uji mwepesi wa mahindi anashiba, ananyamaza, na hakui. Anahitaji chakula kilichosagwa na kulainishwa chenye vitu vingi ndani yake, dagaa, yai, maharage, karanga, maziwa, mboga za majani, matunda. Kama meno yake hayawezi, kinu kipo.

Sasa niambie, katika nyumba kama hiyo swali la kama binadamu ni mla nyama au mla majani lina msaada gani? Sisi wa mjini, wenye uwezo wa kuchagua, tumeligeuza suala la chakula kuwa timu mbili, kama Simba na Yanga. Anayekula nyama anamcheka asiyekula. Asiyekula anamtisha anayekula. Wakati huo kuna mama anayedhani akimpa mtoto yai atamdekeza, au mayai yote yanapelekwa gulioni, na hakuna anayezungumza naye.

Na tukiwa bado kwenye meno, hivi tumeona tunavyoyafanyia? Tunayatumia kama ushahidi kwenye ubishi, lakini tunayalowesha soda tangu asubuhi. Bakteria wa mdomoni wanaigeuza sukari kuwa asidi, asidi inakula gamba la jino, na gamba likishakwisha halioti tena. Una meno 32 ukiwa umekamilika. Ukimaliza ya utotoni na haya ya ukubwani, hakuna awamu ya tatu. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Aliyepoteza magego ananikubalia, maana anajua alivyoanza kukwepa karanga, nyama, muhogo wa kuchoma na hata matunda magumu, akabaki na vitu laini vyenye sukari. Yeye ndiye mtu ambaye kweli meno yanamwamulia chakula.

Siku ile kijiweni sikusema lolote, nilikuwa nacheka na wengine. Ningekuwa na haya kichwani ningemwambia jamaa afunge mdomo kabla nzi hajaingia, na ningemwambia dada asimtegemee simba kumtetea, hoja yake ya lori inamtosha. Halafu ningeomba kijiko, nionje yale maharage. Yalikuwa yameungwa na nazi, na harufu yake ilikuwa inanisumbua tangu tulipokaa.